Ripoti ya CRB: Kosa Huzaliwa Wapi, na Nani wa Kulirekebisha

Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguzia mzigo waliokwama na mikopo ya simu. Habari ilienea haraka, na maana yake nusu ikapotea njiani. Kwenye vikundi vya WhatsApp watu walipongezana: tumetolewa CRB (yaani kwenye mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu)! Tangazo lenyewe halikusema hivyo. Lilihusu mikopo ya simu ya muda wa siku 30 au chini, iliyokuwa imekwama kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo. Mikopo hiyo ingepunguzwa kwa angalau asilimia 50, na mkopaji angelipa iliyobaki kabla ya Mei 2023 kwisha. Kwa jumla ilikuwa mikopo ya takriban shilingi bilioni 30, katika akaunti zaidi ya milioni 4.2. Kuhusu kufuta kumbukumbu zote za nyuma, hakuna lililosemwa.

Miaka imepita na wapo ambao bado wanaamini majina yao yalifutwa siku ile. Wanagundua vinginevyo wakiwa mbele ya afisa wa mikopo, au wakiwa na barua ya kuitwa kazini na siku tatu tu za kukusanya vyeti. Mkanganyiko huu siwalaumu nao. Wengi wetu tunaijua CRB kupitia vitisho vinavyoingia kwenye simu saa kumi na mbili asubuhi, na ripoti yenyewe hatujawahi kuisoma. Ukiisoma mara moja kwa makini, mambo mengi yanajieleza.

Nani anaandika, nani anatunza

CRB ni jina la pamoja la mashirika ya marejeleo ya mikopo. Kenya ina kampuni tatu za aina hiyo, zote za kibinafsi na zote zikifanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji, huzipanga chini ya nambari ya kitambulisho chako, kisha humpa nakala mkopeshaji mwingine anayetaka kujua wewe ni mlipaji wa namna gani. Utaratibu huu ulipoanza mwaka 2010 ulibeba habari za wasiolipa tu. Kanuni za 2013 ziliufungulia mlango upande wa pili, hivyo hata mkopo unaoulipa vizuri sasa huandikwa. Kanuni zilizofuata ni za mwaka 2020, na hizo ndizo zilizoleta mengi ya yanayozungumzwa hapa.

Tuseme mtaa una maduka kumi, na kila mwenye duka ana daftari lake la madeni. Wanakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi watampelekea mama mmoja nakala za kurasa zao ili azitunze pamoja. Ukienda kuomba unga kwa deni kwenye duka jipya, mwenye duka anamwuliza yule mama. Mama hakuwepo ulipokopa, wala hakuwepo ulipolipa. Anachojua ni kile kilichoandikwa kwenye nakala aliyoletewa. Mwenye duka la tatu akisahau kukata jina lako baada ya kupokea pesa zake, mama atasema unadaiwa, na atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa karatasi aliyonayo.

CRB ndiyo huyo mama. Kwa hiyo kosa kwenye ripoti mara nyingi limezaliwa kwa mkopeshaji na kunakiliwa tu. Ukilijua hilo, utajua pia kwa nini kwenda kugombana na CRB peke yake hakufui dafu.

Lipo pia la pili, nalo huwashtua watu: kama umewahi kukopa benki, SACCO inayosimamiwa kisheria, au kwa simu, uko CRB. Mimi niko, na wewe uko. Mtu anaposema "nimewekwa CRB" huwa anamaanisha kwamba ameorodheshwa na mkopo uliokwama, yaani uliochelewa kupita siku 90. Kuwa kwenye kumbukumbu si aibu. Aliye pabaya zaidi ni yule asiyekuwa na kumbukumbu zozote, kwa sababu mkopeshaji hana cha kumpimia.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Ripoti ni historia yako ya mikopo: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, na umelipaje. Alama ni tarakimu moja inayokokotolewa kutoka kwenye historia hiyo. Metropol, kwa mfano, hutumia kipimo cha 200 hadi 900. Kila kampuni ina hesabu yake, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kupata alama tofauti kwa kampuni tofauti siku ileile bila yeyote kati yao kukosea. Cheti nacho ni karatasi fupi inayosema kwamba siku ilipotolewa hukuwa na mkopo uliokwama katika kumbukumbu za kampuni hiyo. Wanaotafuta kazi za serikali wanakijua vyema, kwani huombwa pamoja na vyeti vya KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na kile cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi).

Mtu anaweza kuwa na cheti safi mkononi na bado akanyimwa mkopo. Cheti kinaangalia leo, ripoti inaangalia nyuma. Ikiwa mwaka juzi ulichelewa miezi mitano kisha ukalipa, cheti kitatoka safi lakini ripoti itaonyesha ile miezi mitano. Hapa hakuna aliyekosea, ingawa najua inavyouma.

Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bure angalau mara moja kwa mwaka. Zile za 2020 ziliongeza kwamba cheti cha kwanza nacho ni bure. Unaweza kuomba kupitia tovuti au programu za kampuni hizi, na Metropol ina huduma ya *433# kwa asiye na simu ya kisasa. Kuangalia ripoti yako mwenyewe hakushushi alama, kinyume na uvumi unaozunguka. Kinachoandikwa kama ulizo la mkopo ni pale mkopeshaji anapoiomba ripoti kwa sababu umeomba pesa.

Kuisoma mstari kwa mstari

Ripoti huanza na taarifa zako binafsi, na wengi huziruka wakikimbilia madeni. Usiziruke. Hakikisha majina yako matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, PIN ya KRA, nambari za simu na mwajiri. Tarakimu moja ya kitambulisho ikigeuzwa wakati karani anaingiza data, mkopo wa mtu wa Kisii unaweza kutua kwenye ripoti ya mtu wa Voi. Ukiona anwani ya mji ambao hujawahi kuishi au mwajiri usiyemfahamu, ujue huenda kuna mkopo wa mtu mwingine kwenye kurasa zinazofuata. Anza kuutafuta.

Nambari ya simu ina kisa chake. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa upya, na mnunuzi huanza kupigiwa simu na wadai wa mtu asiyemjua. Kupigiwa si sawa na kuorodheshwa. Deni hufuata kitambulisho, kwa hiyo tazama ripoti kabla hujapoteza usingizi.

Sehemu inayofuata ni akaunti za mikopo, na hapa ndipo penye kazi. Kila mkopo una safu yake: jina la mkopeshaji, aina ya mkopo, tarehe ulipofunguliwa, kiasi cha mwanzo, salio, kiasi kilichochelewa, siku za kuchelewa, hali ya akaunti, na tarehe ambayo taarifa ziliboreshwa mara ya mwisho. Mimi huanza na hiyo tarehe ya mwisho, ile ambayo watu hata hawaioni.

Tuseme ulichukua mkopo wa simu wa shilingi 6,000 tarehe 1 Machi, wa kulipwa kwa siku 30, na pamoja na ada ukafika shilingi 6,450. Mambo yakakuwia magumu, ukaulipa wote tarehe 20 Juni. Unafungua ripoti mwezi Julai na kukuta salio la shilingi 6,450 na siku za kuchelewa 61. Kabla hujapandisha presha, tazama tarehe: taarifa iliboreshwa 31 Mei. Siku hiyo ulikuwa bado unadaiwa, kwa hiyo ripoti haijasema uongo, imepitwa tu na wakati. Lakini ukiifungua tena Septemba ukute salio ni lilelile, siku za kuchelewa zimefika 153, na tarehe ya kuboreshwa ni 31 Agosti, hilo ni kosa la wazi. Mkopeshaji ametuma taarifa mara kadhaa baada ya wewe kulipa, na kila mara ametuma deni lililokufa.

Hizo siku si urembo. Benki hupanga mikopo kwa kuzihesabu: hadi siku 30 mkopo ni wa kawaida, kutoka 31 hadi 90 unatazamwa kwa tahadhari, na ukivuka 90 unaingia kwenye mikopo iliyokwama, ambayo nayo ina ngazi zake hadi ule unaochukuliwa kuwa hasara baada ya siku 360. Katika mfano wetu ulilipa siku ya 81. Ulikuwa umebakiza siku tisa. Ripoti ya Septemba inakuonyesha kama mtu aliyevuka mstari muda mrefu, wakati hukuwahi kuuvuka. Kosa moja la kutosajili malipo limekuhamisha kutoka kundi moja hadi jingine, na mkopeshaji anayefuata atakuhukumu kwa kundi hilo.

Makosa mengine hutokea sana pia. Mkopo mmoja huandikwa mara mbili, hasa ulipopangwa upya, ulipouzwa, au benki zilipoungana. NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019 zikawa NCBA, na mwaka mmoja kabla ya hapo sehemu ya mali na amana za Chase Bank ilikwenda SBM. Katika mabadiliko kama hayo akaunti hupewa nambari mpya, na ya zamani isipofungwa vizuri kwenye mfumo, mtu anaonekana anadaiwa mara mbili. Ukikuta mikopo miwili yenye kiasi kimoja cha mwanzo na tarehe moja ya kufunguliwa, uliza.

Kisha kuna mkopo "usioujua". Kabla ya kupiga ripoti polisi, kumbuka kwamba kwenye orodha mkopeshaji hujitokeza kwa jina la benki iliyo nyuma ya huduma. M-Shwari ni ya NCBA. KCB M-Pesa ni ya KCB. Fuliza ina benki hizo mbili nyuma yake. Mtu anaona "NCBA" na kuapa kwamba hajawahi kuingia mlango wa benki hiyo, kumbe amekuwa akikopa kutoka kwake kila mwisho wa mwezi kwa kubonyeza simu. Jambo jingine la kukumbuka ni udhamini. Ikiwa ulimwekea ndugu saini SACCO na yeye akatoweka, usishangae deni likikufuata. Ukishamaliza kuyachunguza hayo yote na mkopo bado ni mgeni kwako, hapo una sababu ya kusema kitambulisho chako kimetumiwa na mtu mwingine. Waarifu polisi, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uiambatishe kwenye malalamiko.

Mengine nayapitia haraka. Kanuni za 2020 ziliweka kiwango cha chini: deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukuorodhesha. Waliokuwa wakiandikwa kwa shilingi mia mbili walipata nafuu hapo. Hundi zilizorudi kwa kukosa pesa nazo huingia kwenye ripoti, na mfanyabiashara anapaswa kuangalia kama hundi iliyorudi ni yake kweli. Na neno "umefutwa" kwenye hali ya akaunti lisikudanganye. Benki inapofuta mkopo vitabuni inapanga hesabu zake tu. Deni bado lipo na unaweza kudaiwa kesho.

Salio lenyewe pia linastahili kalamu na karatasi. Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, ina kikomo kinachotumika tangu 2007: mkopo wa benki ukishakwama, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha msingi kilichokuwa kinadaiwa siku ulipokwama. Ukiona mkopo uliokwama ukiwa na msingi wa shilingi 40,000 sasa unasomeka 130,000, omba mchanganuo. Benki inaweza kuwa na gharama halali za kuongeza, lakini ni haki yako kuonyeshwa jinsi walivyofika hapo.

Kulalamika kwa namna inayosikika

Malalamiko mengi hufeli kwa sababu ya jinsi yalivyoandikwa. "Nitoeni CRB nimelipa" hakumwambii afisa achunguze nini. Andika kwa mkopeshaji na kwa CRB siku moja, kwa barua pepe ili ubaki na nakala, na useme mambo manne: mkopo upi, ripoti inasemaje, ukweli ni upi, unataka isomekeje. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

"Akaunti ya mkopo iliyofunguliwa tarehe 1 Machi inaonyesha salio la shilingi 6,450 na siku 153 za kuchelewa kufikia 31 Agosti. Deni lote lililipwa tarehe 20 Juni. Nimeambatisha taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo yenye nambari ya muamala. Naomba salio lisomeke sufuri, akaunti ionyeshwe kuwa imefungwa, na siku za kuchelewa ziishie tarehe niliyolipa."

Ushahidi bora ni ule usiotegemea kumbukumbu ya mtu: nambari ya muamala ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi, taarifa ya benki, na barua ya mkopeshaji ya kuthibitisha kwamba deni limeisha. Hiyo barua iombe siku unapomaliza kulipa. Ukingoja miaka miwili, tawi huenda limefungwa na afisa aliyekuhudumia amehamia Eldoret.

CRB ikishapokea malalamiko yako inatakiwa, ndani ya siku tano za kazi, kuweka alama kwenye ripoti inayoonyesha kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, na kumpelekea mkopeshaji aichunguze. Watu wachache sana huulizia alama hii, nayo ndiyo kinga yako wakati uchunguzi unaendelea, kwa kuwa mkopeshaji mwingine akiivuta ripoti ataona kwamba jambo halijaamuliwa. Uchunguzi una muda wake wa mwisho, na ukipita bila jibu, taarifa inayobishaniwa inapaswa kuondolewa. Ikithibitika umeonewa, marekebisho yaende kwa kampuni zote tatu. Usidhani kampuni moja ikirekebisha basi nyingine zimesikia. Zikague mwenyewe.

Ukigonga mwamba, panda ngazi. Benki na wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni husimamiwa na Benki Kuu, na SACCO za kuweka amana husimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia SACCO. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Benki Kuu haimwingizi wala kumtoa mtu CRB kwa mkono wake, ingawa watu humiminika huko wakidhani ina kifutio. Inachofanya ni kumwuliza mkopeshaji aliyepewa leseni kwa nini hajatimiza kanuni.

Jiulize pia kama ulipewa notisi. Mkopeshaji anapaswa kukuarifu kabla mkopo haujafikia hatua ya kukwama kwamba atapeleka taarifa zako. Na mkopeshaji anayekunyima mkopo kwa sababu ya ripoti anapaswa kukueleza hivyo na kukutajia ripoti ilitoka kampuni gani. "Mfumo umekataa" si jibu. Uliza tena, kwa upole na kwa maandishi.

Yale ambayo si kosa, na wale wanaouza hewa

Uvumi mgumu kuliko wote kuung'oa ni kwamba ukilipa, jina linafutika. Ukilipa, salio linakuwa sufuri na hali inabadilika, lakini historia ya kukwama hubaki miaka mitano tangu deni lilipomalizwa. Kwa hiyo ukikuta mkopo ulioulipa mwaka juzi bado unaonekana, soma kwanza: ukisema umelipwa, ripoti iko sawa. Ukisema unadaiwa, una kesi. Na uliopita miaka mitano ukiwa bado pale, una kesi pia.

Hapo kwenye uvumi huu ndipo wanapostawi mawakala wa "kusafisha CRB". Wanabandika matangazo kwenye nguzo za stima na Facebook, wanadai elfu mbili, elfu tano, wanaahidi jina safi kwa saa 24. Hakuna mtu wa nje mwenye ufunguo wa kumbukumbu hizo. Taarifa hubadilishwa na mkopeshaji aliyeileta, au na CRB baada ya malalamiko, na yote mawili unaweza kuyaanzisha mwenyewe bila kumlipa mtu. Kwa bahati mbaya, pamoja na pesa, wengine huwapa watu hawa nakala ya kitambulisho na PIN. Mkopo mgeni wa mwaka ujao huanzia hapo.

Kuna pia zile programu za mikopo zinazotishia kukuorodhesha kesho saa nne. Aprili 2020 Benki Kuu iliondoa idhini ya wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka taarifa CRB, na tangu kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022, anayetaka kufanya biashara hiyo lazima awe na leseni. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Programu isiyokuwemo inaweza kukutukana, inaweza hata kuwapigia watu walio kwenye simu yako, jambo ambalo lenyewe ni kosa la ulinzi wa data, lakini tishio lake la CRB halina meno. Deni lako bado ni deni, sisemi usilipe.

Na si CRB inayokunyima mkopo. Inatoa karatasi, na uamuzi ni wa mkopeshaji. Mmoja atakataa, mwingine atakubali kwa riba ya juu zaidi. Ndiyo maana kosa dogo lina bei hata pale unapopewa pesa.

Wasomaji wa Tanzania watakuta mambo haya yakifanana, majina yakiwa tofauti. Huko Creditinfo na Dun & Bradstreet hufanya kazi chini ya Benki Kuu ya Tanzania, mikopo iliyokwama huitwa chechefu, na jambo la kwanza la kukagua ni ileile nambari ya utambulisho, ya NIDA. Walio Marekani wana Equifax, Experian na TransUnion, na ripoti za zote tatu hupatikana bure kwenye AnnualCreditReport.com. Kuhamia huko hakuhamishi historia yako. TransUnion ya Nairobi na ya Chicago zina jina moja, lakini ulivyolipa mkopo wako Thika hakutaonekana ukiomba gari Dallas. Wala usidhani wenzetu hao wana mfumo usiokosea: utafiti wa Tume ya Biashara ya Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa kwenye angalau ripoti moja, ambalo lilirekebishwa baada ya yeye kulalamika.

Neno la mwisho ni kwa aliyekwisha kushinda malalamiko yake. Mkopeshaji hutuma faili jipya mara kwa mara, kwa kawaida kila mwezi. CRB inaweza kurekebisha ripoti yako leo, halafu faili la mwezi ujao likaja na kosa lilelile kwa sababu kwenye mfumo wa mkopeshaji hakuna aliyegusa kitu. Omba ripoti tena baada ya miezi miwili. Salio likiwa limefufuka, usianze barua upya: tuma ileile, pamoja na nambari ya malalamiko ya kwanza na jibu ulilopewa, na umnakili Benki Kuu.